Kupima Kazi Inayosubiri: Ushauri wa Kuongeza na Kupunguza Seva kwa Mifumo Inayohudumia Handeni na Korogwe

Mfumo wowote wa mtandaoni unaowahudumia watu wa Handeni na Korogwe, uwe wa kukata tiketi za mabasi yanayopita Segera, wa kuwatumia wakulima wa Mkata na Kabuku ujumbe kuhusu pembejeo, au wa kupokea malipo ya ankara za maji, hupata kazi isiyo sawa kutwa nzima: kuna saa ambazo mashine zake hukaa bure, na kuna saa ambazo mamia ya watu hubonyeza simu zao kwa pamoja na wote hutarajia jibu ndani ya sekunde chache. Zamani mwenye mfumo wa namna hiyo alilazimika kununua seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta na simu nyingine, za kutosha siku yenye kazi kubwa kuliko zote, kisha akaziacha zikila umeme siku zote zilizobaki za mwaka. Huduma za wingu, ambazo kwazo kampuni yenye kituo kikubwa cha data hukodisha nguvu ya kompyuta kwa saa au hata kwa sekunde, ziliondoa ulazima huo, kwa kuwa seva ya kukodi inaweza kuongezwa kazi inapozidi na kurudishwa kazi inapopungua. Baadaye uamuzi wenyewe wa kuongeza na kurudisha ulikabidhiwa programu: kampuni ya Amazon ilianza kuwapa wateja wake huduma hiyo mwaka 2009, na Kubernetes, programu huria iliyotangazwa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya kuendesha kontena (furushi la programu pamoja na kila kinachohitajika kuiendesha), nayo ina kidhibiti chake cha kazi hiyo hiyo.

Kidhibiti cha aina hii hakijui tiketi wala pembejeo. Hujua namba moja au mbili kilizopewa, huzilinganisha na lengo kililoandikiwa, na kwa tofauti hiyo huamua seva ziwe ngapi. Namba ambayo wasimamizi wengi huiacha kama walivyoikuta ni kiwango cha matumizi ya prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, kwa sababu kila seva huitoa bila kuombwa na kwa sababu lengo la asilimia 60 au 70 husikika la busara. Kwa kazi ambayo kweli huichosha prosesa, kama kubana picha au kukokotoa takwimu, namba hiyo hutosha. Kwa mifumo mingi inayotumika katika wilaya hizi mbili haitoshi, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kusubiri: kusubiri kampuni ya simu ithibitishe malipo, kusubiri mteja aingize namba yake ya siri, kusubiri kanzidata itoe jibu. Seva inayosubiri haichoki, na kidhibiti kinachoangalia uchovu pekee kitaamini kwamba hali ni shwari wakati wateja wameshaanza kulalamika kwamba mfumo umegoma. Hapo ndipo panapohitajika kipimo maalumu, yaani namba ambayo mwenye mfumo huiunda mwenyewe kutokana na kazi halisi ya mfumo wake, na kuipeleka kwa kidhibiti ili iwe msingi wa uamuzi.

Wakazi wa Korogwe wana mfano wa jambo hili karibu nao. Mkonge, ulioletwa pwani ya Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuenea katika mashamba ya bonde la Pangani, hukatwa shambani na kupelekwa kwenye korona, mashine inayokwangua jani hadi zibaki nyuzi, na jani likikaa muda mrefu baada ya kukatwa hukauka na kuwa gumu kuchakata. Msimamizi wa korona anayetaka kujua kama aongeze zamu haendi kushika injini kuona kama imepata joto. Huangalia rundo la majani yanayosubiri na kujiuliza litakwisha lini. Kipimo kizuri cha kuongeza seva ni cha jamii ya rundo hilo: huonyesha kazi iliyofika na haijafanywa, huongezeka mahitaji yanapozidi, na hupungua mara tu wafanyakazi wanapoongezwa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Jumla ya tiketi zilizouzwa tangu asubuhi, kwa mfano, ni namba inayomfurahisha mwenye basi, lakini haishuki hata seva zikiongezwa mara kumi, na kidhibiti kikipewa namba hiyo kitaongeza seva bila kikomo.

Mfano wa tiketi unafaa kufuatwa kwa kina, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata, Segera na Korogwe, na mifumo ya tiketi za kielektroniki inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, imewaondoa abiria wengi kwenye daftari la kondakta na kuwaleta kwenye simu. Abiria wa Korogwe huchagua basi, huchagua kiti, kisha mfumo hutuma ombi la malipo kwa kampuni ya simu, ambayo hurusha kwenye simu yake ujumbe wa kumtaka aingize namba ya siri. Kati ya kuombwa na kuthibitishwa hupita sekunde kadhaa, na katika muda huo seva huwa imemshikia abiria huyo nafasi bila kufanya hesabu yoyote ya maana. Ichukuliwe kwamba maombi 40 huingia kila sekunde na kila moja huchukua wastani wa sekunde 6 hadi kukamilika. Kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961 inasema kwamba idadi ya kazi zilizo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila kazi hukaa ndani, kwa hiyo maombi yaliyo mkononi ni 240. Ikiwa kila seva imepangiwa kushika maombi 50 kwa wakati mmoja, zinahitajika seva 5 ili tu yaenee, ingawa prosesa za seva hizo zinaweza kuonyesha asilimia 8 au 10 ya matumizi. Kidhibiti chenye lengo la asilimia 70 ya prosesa kingepunguza seva katika hali hiyo badala ya kuziongeza.

Kipimo kinachofaa hapa ni wastani wa maombi yaliyo mkononi kwa kila seva. Kidhibiti cha Kubernetes huchukua idadi ya seva, au ya kontena, zilizopo, huizidisha kwa kipimo cha sasa, huigawanya kwa lengo, na matokeo yakiwa na sehemu ya desimali huyapandisha hadi namba nzima inayofuata. Tofauti isiyozidi asilimia 10 kati ya kipimo na lengo huipuuza, isipokuwa ikiwa msimamizi ameagiza vingine. Lengo lenyewe lisiwe 50, kwa sababu seva iliyojaa kabisa haina pa kumpokea abiria anayefika wakati seva mpya bado inawaka. Lengo la 35, ambalo ni asilimia 70 ya uwezo, hutoa jibu la seva 7 kwa maombi 240, na nafasi inayobaki ndiyo inayobeba dakika za kusubiri msaada.

Kuna mtego mdogo ndani ya hesabu hiyo, nao umewanasa wahandisi wazoefu. Ikiwa seva haiwezi kushika zaidi ya maombi 50, basi kipimo cha maombi yaliyo mkononi hakiwezi kusoma zaidi ya 50, hata kama nje wamesimama abiria 1,000 wanaokataliwa kuingia. Kidhibiti kitaona 50 dhidi ya 35 na kutoka seva 5 kitaomba 8, kitangoja, kitaona tena 50, kitaomba 12, na kuendelea hivyo kwa hatua fupi wakati hali inataka 36 kwa mkupuo. Dawa yake ni kuhesabu pamoja walio ndani na walio mlangoni, yaani maombi yanayohudumiwa pamoja na yale yanayosubiri kupokelewa, na hata yaliyokataliwa katika dakika iliyopita. Kipimo kisichoweza kuonyesha ukubwa wa tatizo kitakipa kidhibiti picha ya tatizo dogo.

Kabla ya kufurahia seva hizo 8 au 12, ni lazima kuuliza zinakwenda kunywa wapi. Mifumo mingi ya tiketi na malipo huweka kumbukumbu zake katika kanzidata moja, na PostgreSQL, kanzidata huria inayotumika sana, isipobadilishwa hukubali miunganisho 100, ambayo 3 kati yake hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu. Kila seva ya tiketi ikifungua miunganisho 20, seva nne huchukua 80, ya tano hupata 17 na kuanza kulalamika, na ya sita haipati kitu kabisa. Maombi yanayoangukia kwake hufeli, abiria hurudia kubonyeza, mzigo huongezeka, na kidhibiti, kwa nia njema kabisa, huwasha seva ya saba. Kwa hiyo idadi ya juu ya seva, ambayo itaitwa hapa dari, haipaswi kuandikwa kwa kukisia bali kwa kugawa uwezo wa kanzidata kwa mahitaji ya kila seva, na pale dari hiyo inapokuwa ndogo mno, itangulie kazi ya kuweka programu ya kati inayowezesha seva nyingi kuchangia miunganisho michache. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba muda wa kujibu, namba inayopendwa na wengi kwa kuwa ndiyo mteja anayoihisi, ni kipimo cha hatari kukitumia peke yake: jibu likichelewa kwa sababu ya kanzidata, kila seva inayoongezwa huzidisha ucheleweshaji uleule uliosababisha iongezwe. Muda wa kujibu ufuatiliwe kwa makini na umwamshe mhandisi usiku ikibidi, lakini uamuzi wa idadi ya seva uachiwe kipimo cha kazi inayosubiri.

Ikumbukwe pia kwamba kuna foleni ambazo seva hazina dawa yake. Basi lina viti hamsini hivi, na abiria 400 wakigombea basi lile lile la tarehe 23 Desemba, wote hugusa safu zile zile za kanzidata, ambazo hufungwa kwa mtu mmoja baada ya mwingine ili kiti kimoja kisiuzwe mara mbili. Hapo msaada hutoka kwa anayepanga magari.

Hali ni tofauti, na kwa kweli ni rahisi zaidi, kwa kazi zinazoweza kuwekwa kwenye foleni na kufanywa baadaye kidogo. Mfano wake ni ujumbe mfupi kwa wakulima. Handeni hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na tangu msimu wa 2022/2023, serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa katika daftari la kidijitali, simu ya kitochi imekuwa chombo cha kilimo kama jembe lilivyo. Chama cha ushirika au ofisi ya kilimo inayotaka kuwaarifu wakulima kwamba mbegu zimefika kwa wakala huweka ujumbe wote kwenye foleni kwa mkupuo, kisha programu ndogo, zinazoitwa hapa watumaji, huuchukua mmoja mmoja na kuupeleka kwenye lango la kampuni ya simu.

Hesabu ya kipimo chake huanza kwa ahadi. Mwenye huduma aseme kwanza ujumbe ukawie kwa muda gani bila madhara, na ichukuliwe kwamba amesema dakika moja. Mtumaji mmoja akitumia nusu sekunde kwa kila ujumbe, hutuma 120 kwa dakika, na kwa hiyo kila mtumaji anaweza kurithi foleni ya ujumbe 120 bila ahadi kuvunjika. Kipimo kinachopelekwa kwa kidhibiti si urefu wa foleni peke yake, kwa maana ujumbe 3,000 si tatizo kwa watumaji 50 na ni balaa kwa watumaji 2, bali ni urefu wa foleni ukigawanywa kwa idadi ya watumaji walio kazini, na lengo lake ni 120. Foleni ikifika 3,000, hesabu inadai watumaji 25. Ipo programu huria ya KEDA, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Microsoft pamoja na Red Hat, ambayo husoma urefu wa foleni kutoka katika mifumo mingi ya ujumbe na kuweza kupunguza watumaji hadi sifuri foleni inapokuwa tupu, jambo linalomfaa sana mwenye huduma anayetuma ujumbe mara chache kwa msimu na hataki kulipia mashine zilizolala.

Hata hivyo hesabu hiyo ya 25 ni ya upande mmoja. Lango la kampuni ya simu huwa na kasi ambayo mteja amekubaliwa kwa mkataba, na kasi hiyo ikiwa ujumbe 30 kwa sekunde, watumaji 15 wenye uwezo wa ujumbe 2 kila mmoja kwa sekunde huijaza, na watumaji 10 wa ziada watakachopata ni majibu ya kukataliwa, ambayo wakiyarudia huzidisha msongamano. Dari ya watumaji basi ni 15, ujumbe 3,000 utachukua sekunde 100, na ahadi ya dakika moja haitimiziki mpaka mkataba ubadilishwe. Matokeo ya namna hii ni yenye manufaa kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa yanamwonyesha mwenye huduma kwamba fedha zake ziende kwenye kasi ya lango na si kwenye seva. Wanaotumia Kafka, mfumo wa foleni uliogawanywa vipande, wana dari nyingine ya kukumbuka: ndani ya kundi moja la wasomaji, kila kipande husomwa na msomaji mmoja tu, na wasomaji wanaozidi idadi ya vipande hukaa bila kazi huku wakilipiwa.

Kipimo hujibu kinachotokea, na kujibu huchukua muda. Kidhibiti cha Kubernetes hufanya hesabu yake kila sekunde 15 kisipobadilishwa. Namba nyingi za huduma za wingu hukusanywa kila dakika moja. Kontena huanza ndani ya sekunde chache, lakini kompyuta mpya ya kuibeba inaweza kuhitaji dakika kadhaa. Pale wimbi linapojulikana kabla halijafika, ni uzembe kulisubiri lianze. Watu wa Kilimanjaro hupanda kwenda kwao katika siku za kabla ya Krismasi na kushuka mwanzoni mwa Januari kabla shule hazijafunguliwa, na kwa kuwa magari yao hufika Korogwe yakiwa yamejaa, abiria wa Korogwe na wa Handeni hulazimika kukata tiketi mapema kuliko miezi mingine. Kalenda hiyo anaijua kila wakala wa stendi, na inapaswa kuingizwa katika mfumo kwa kupandisha idadi ya chini ya seva, yaani sakafu, kwa siku na saa zinazojulikana, na kukiacha kipimo kishughulikie kinachozidi hapo. Msimamizi anayeandika ratiba hiyo akumbuke kwamba mifumo mingi ya wingu hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu, na kwamba saa 12 asubuhi ya stendi ya Korogwe huandikwa 03:00. Ratiba iliyoandikwa 12:00 itawasha seva saa 9 alasiri, na hakuna atakayegundua mpaka siku yenyewe.

Ratiba ina udhaifu wake: huzeeka bila kumwambia mtu. Serikali iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, mfumo uliopangwa kwa kudhani kwamba usiku hakuna kazi ulikuwa umepitwa na wakati siku hiyo hiyo, ilhali ule unaopima maombi yaliyo mkononi haukuhitaji kuambiwa. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 na kupita Korogwe, nayo ni badiliko la aina hiyo kwa yeyote anayekisia mahitaji ya basi kutokana na mwaka uliotangulia. Kwa sababu hiyo inafaa ratiba itumike kuinua sakafu tu na kamwe isitumike kushusha dari.

Kuna wimbi moja ambalo si kipimo wala ratiba inayoliweza vizuri, nalo ni lile linalofika lote ndani ya sekunde kumi, kama inavyokuwa matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa na kila mzazi akafungua ukurasa ule ule. Jibu lake ni kuandaa kurasa mapema na kuzisambaza kama mafaili yasiyohitaji hesabu wala kanzidata, ili swali la idadi ya seva lisizuke kabisa.

Kupunguza seva kunahitaji tahadhari kubwa kuliko kuongeza, ingawa huandikwa juu yake machache. Seva inayozimwa huenda imeshika abiria ambaye fedha zake zimekatwa na tiketi yake haijatoka, na hakuna kinachomkera mtu wa Handeni kama muamala unaoning'inia huku basi linapiga honi. Seva iliyoteuliwa kuondoka iache kwanza kupokea maombi mapya, imalize yaliyo mkononi, kisha izimwe, na muda inaopewa kufanya hivyo uwe mrefu kuliko muamala mrefu kuliko yote. Kubernetes hutoa sekunde 30 isipoagizwa vingine, muda ambao hautoshi kwa abiria anayetafuta miwani ili asome ujumbe wa namba ya siri. Zaidi ya hayo, kila malipo yatambuliwe kwa namba yake ya kumbukumbu, ili ombi likirudiwa na seva nyingine mfumo utambue kwamba ni lile lile na usikate fedha mara mbili. Kuhusu kasi ya kupunguza, Kubernetes hutazama dakika 5 zilizopita na kufuata hitaji la juu kabisa lililoonekana katika muda huo, utaratibu unaozuia seva kuwashwa na kuzimwa ovyo. Kwa huduma ya tiketi, ambapo utulivu wa dakika tano unaweza kuwa ni muda wa basi moja kuondoka na mawakala kugeukia jingine, dakika 10 au 15 ni salama zaidi, na gharama ya ziada ni ndogo.

Tahadhari nyingine inahusu ukimya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoiunganisha Afrika Mashariki na dunia, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti nchini Tanzania ikadorora kwa kiasi kikubwa. Kwa mfumo unaoendeshwa kutoka kituo cha data cha nje ya nchi, tukio kama hilo huonekana kama utulivu: maombi hupungua, kipimo hushuka, kidhibiti huzima seva, na mawasiliano yanaporudi, simu zote zilizokuwa zikijaribu bila mafanikio hugonga mlango kwa wakati mmoja na kumkuta mlinzi ni mmoja. Sakafu basi isiwekwe kwa kuangalia saa tulivu kuliko zote, bali kwa kuangalia idadi ya seva inayohitajika kupokea marejeo ya ghafla. Vilevile itofautishwe sifuri na kutokuwepo kwa namba. Programu inayokusanya vipimo ikizimika, kidhibiti kisichojua tofauti hiyo kinaweza kudhani hakuna kazi. Kidhibiti cha Kubernetes kilichopewa vipimo kadhaa hukataa kupunguza pale kimoja kinapokosekana, lakini wanaojitungia hati zao za kupunguza na kuongeza, na ni wengi, ni lazima waandike sharti hilo wenyewe.

Wanaotunga vipimo hupata pia kishawishi cha kuvipamba kwa maelezo mengi. Prometheus, programu huria ya kukusanya vipimo iliyoanzia katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, huruhusu kila namba ibandikwe lebo, kama vile jina la stendi au aina ya malipo, na kila mchanganyiko mpya wa lebo huzaa mfululizo mpya wa namba unaohitaji kuhifadhiwa. Lebo ya wilaya yenye thamani mbili, Handeni na Korogwe, haina shida. Lebo ya namba ya simu ya mteja huzaa makumi ya maelfu ya mifululizo, huijaza kumbukumbu ya mashine, na zaidi ya hapo huweka taarifa binafsi mahali ambapo hakuna aliyekusudia zikae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya kukusanya taarifa za namna hiyo na kuzisafirisha nje ya nchi, na vipimo vinavyotumwa kwenye kituo cha data cha Cape Town, ambako Amazon ilifungua eneo lake la kwanza barani Afrika mwaka 2020, vimesafirishwa nje hata kama aliyevituma hakufikiria hivyo. Kidhibiti kinahitaji kujua ni wangapi wanaosubiri, na hakihitaji kujua ni akina nani.

Kuhusu gharama hakuna mengi ya kusema, ila kwamba wingu kwa kawaida hulipwa kwa dola na dari ndiyo bima pekee dhidi ya kosa la programu linalozalisha maombi ya uongo usiku kucha, na kwamba tahadhari ya matumizi itumwe kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, siyo kwa barua pepe ya ofisi isiyofunguliwa na mtu.

Mpangilio wote huu hauaminiki mpaka ujaribiwe, na wakati wa kuujaribu ni mwanzoni mwa Novemba, kabla abiria wa Desemba hawajaanza kununua. Jaribio lifanywe saa ambazo tiketi chache huuzwa, kwa basi la kubuni lisilo barabarani, kwa programu inayojifanya abiria na inayosubiri sekunde zile zile ambazo abiria halisi husubiri kabla ya kuingiza namba ya siri, kwa sababu jaribio linalolipa papo hapo hupima mfumo mwingine usiokuwepo. Mzigo uongezwe hadi mara mbili ya siku yenye kazi kubwa ya mwaka uliopita, na iandikwe seva ziliongezeka baada ya dakika ngapi, kanzidata ilifikia miunganisho mingapi, na ni maombi mangapi yaliyofeli katikati. Kisha mzigo ukatwe ghafla na kurudishwa baada ya robo saa, ili ijulikane kama sakafu inatosha. Matokeo yasomwe na mhandisi akiwa na mawakala wawili au watatu wa stendi za Korogwe na Handeni, ambao ndio watakaosema kama makadirio ya mzigo yanafanana na wanayoyaona dirishani, na mawakala hao wapewe namba ya simu ya mtu mmoja aliyeruhusiwa kupandisha dari usiku huo huo bila kusubiri kikao.